Nyota za rika mbalimbali katika kishada kimoja: Jinsi darubini za angani zinavyozitambua

WAKAZI wa Kericho na Bomet wanajua vyema kwamba anga inayostawisha majani chai si anga inayompendelea mtazama nyota. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mawingu hutanda upande wa Msitu wa Mau kila alasiri, na mvua ya mawe huyapiga mashamba mara nyingi kuliko ilivyo katika sehemu nyingi za dunia. Ni katika miezi ya Januari na Februari, mavuno yanapopungua na wachumaji wakirudi na vikapu vyepesi, ambapo usiku hutulia na anga kuwa nyeupe.

Mkulima huuogopa usiku wa namna hiyo. Pasipo mawingu ya kuufunika mlima na bonde, joto la ardhi hupaa na kupotea, na asubuhi jalidi huweza kukutwa imeunguza machipukizi. Hata hivyo, usiku huo huo ndio unaofungua dirisha la kutazama mojawapo ya mafumbo makubwa ya elimu ya nyota: Je, nyota zinazoonekana pamoja zilizaliwa pamoja?

Kericho iko karibu sana na ikweta, chini ya nusu digrii upande wa kusini. Kwa sababu hiyo, mtu aliyesimama huko huona karibu anga yote, ya kaskazini na ya kusini, katika kipindi cha mwaka. Mnamo Januari, mwendo wa saa nne usiku, akielekea kaskazini ataona Kilimia kikiwa kimepanda juu. Akigeuka kusini, mahali pasipo na taa za mji, ataona chini chini kitu mfano wa kipande cha wingu jembamba kisichosogezwa na upepo. Hilo si wingu la mvua. Ni galaksi jirani iitwayo Wingu Kubwa la Magellan, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 160,000.

Kilimia kinajulikana tangu kale miongoni mwa Waswahili, na jina lake latokana na kulima. Wahenga walisema kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Miongoni mwa Wanandi, ambao ni ndugu wa karibu wa Wakipsigis, maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 20 yanaeleza kuwa kuonekana au kutoonekana kwa nyota hizo kulitumiwa kubashiria mavuno mema au mabaya.

Macho ya kawaida huona nyota sita au saba katika Kilimia. Wataalamu wamehesabu zaidi ya 1,000, zote zikisafiri pamoja angani umbali wa miaka ya nuru 440 hivi kutoka duniani. Umri wake ni zaidi kidogo ya miaka milioni 100. Kwa kipimo cha binadamu hicho ni kikongwe, lakini mbele ya Jua, lenye umri wa miaka bilioni 4.6, Kilimia ni mtoto mchanga.

KISHADA NI NINI?

Nyota huzaliwa ndani ya mawingu makubwa ya gesi baridi na vumbi. Sehemu ya wingu inapolemewa na uzito wake yenyewe, huporomoka na kugawanyika katika madonge mengi. Kila donge huendelea kujikaza na kupata joto hadi kiini chake kinapoanza kugeuza haidrojeni kuwa heli. Hapo nyota huwa imekomaa. Kwa kuwa wingu moja huzaa nyota nyingi, nyota hizo huonekana zimesongamana, na msongamano huo ndio uitwao kishada.

Kwa muda mrefu wanasayansi walivichukulia vishada kuwa maabara ya asili. Nyota zote za kishada kimoja ziko umbali mmoja kutoka kwetu, zimetokana na gesi ya aina moja, na zilidhaniwa kuzaliwa kwa wakati mmoja. Tofauti pekee iliyobaki ni uzito. Ukizilinganisha, unaweza kujua jinsi uzito unavyoamua maisha ya nyota.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Nyota nzito hung'aa mno kwa rangi ya samawati na kumaliza nishati yake upesi, nyingine kwa miaka milioni chache tu. Nyota nyepesi huwa nyekundu, hufifia, na huishi mabilioni ya miaka. Zikipangwa katika mchoro wa rangi na mwangaza, ambao uliasisiwa na wanasayansi Hertzsprung na Russell mwanzoni mwa karne ya 20, nyota zilizokomaa hufuata mstari mmoja uitwao mfuatano mkuu. Kadiri kishada kinavyozeeka, ndivyo nyota zake nzito zinavyotoka katika mstari huo. Mahali ambapo mstari unakatikia na kugeuka panatoa umri wa kishada kizima.

Hesabu hiyo yategemea sharti moja, kwamba nyota zote ni za rika moja. Likivunjika sharti hilo, umri unaopatikana huwa si wa nyota hizi wala zile.

UMRI ULIOFICHIKA

Shamba la chai laweza kulieleza jambo hili vizuri. Mgeni apitaye barabara ya Kericho kuelekea Litein huona zulia moja la kijani lililosawazishwa kimo. Hudhani kuwa michai yote ilipandwa siku moja. Lakini usawa huo umeletwa na mikono ya wachumaji na visu vya kupogolea. Chini ya zulia hilo mna michai ya mbegu iliyopandwa tangu miaka ya 1920, na kando yake miche iliyojazia mapengo baada ya mingine kufa. Isitoshe, kuna michai iliyozalishwa kwa vipandikizi kutoka mmea mmoja, ikiwemo aina ya majani ya zambarau iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho. Anayetaka kujua ukweli hana budi kuinama na kutazama mashina.

Katika kishada cha nyota, mchanganyiko huo waweza kutokea kwa njia nne. Kwanza, nyota zaweza kuwa za rika tofauti kwelikweli, wingu likiwa limezaa kwa awamu. Pili, nyota za mbele au za nyuma zaweza kuonekana kana kwamba ni za kishada hicho ilhali ni wapita njia. Tatu, nyota zaweza kuwa za umri mmoja lakini zikaonekana tofauti kwa sababu zinajizungusha kwa kasi tofauti, au kwa kuwa mbili zilizoshikamana zinahesabiwa kuwa moja. Nne, gesi iliyozizaa yaweza kuwa na viambato tofauti.

Kazi ya mtafiti ni kuzitenganisha njia hizo nne. Hapo ndipo darubini za angani zilipoleta mageuzi.

KWA NINI ANGANI?

Hewa inayoizunguka dunia ina ila tatu kwa mtazama nyota. Ya kwanza ni mtikisiko. Tabaka za hewa zenye joto tofauti huupindapinda mwanga, na ndiyo maana nyota humetameta. Katika kishada kilichosongamana, mtikisiko huo huziunganisha nyota kumi zikaonekana moja.

Ya pili ni kwamba hewa, hasa tabaka la ozoni, huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, ambayo ndiyo hutolewa kwa wingi na nyota changa zenye joto kali. Ya tatu ni mvuke wa maji. Mvuke ule ule unaoilisha michai ya Bomet hufyonza sehemu kubwa ya mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto inayoweza kupenya vumbi la mawingu ambamo nyota huzaliwa. Ndiyo sababu hata darubini za ardhini hujengwa kwenye milima mikavu kama ile ya Chile, wala si kwenye nyanda zenye mvua.

Darubini ya Hubble ilirushwa Aprili 24, 1990 ikiwa na kioo chenye upana wa mita 2.4. Kioo hicho kilikuwa na hitilafu ndogo iliyotia ukungu kwenye picha, nayo ilirekebishwa na wanaanga mnamo Desemba 1993. Mwaka 2009 ilifungiwa kamera mpya yenye uwezo wa kuona kuanzia urujuanimno hadi sehemu ya infraredi. Darubini ya James Webb ilifuata Desemba 25, 2021, ikirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, na kituo chake kiko umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, ambako hukaa katika baridi kali ili joto lake lenyewe lisiharibu vipimo vya infraredi.

NYOTA MOJA ILIYOKUWA NYINGI

Mfano maarufu zaidi umo katika lile Wingu Kubwa la Magellan linaloonekana kutoka Kericho. Ndani yake mna Nebula ya Tarantula, mojawapo ya sehemu zinazozaa nyota kwa wingi kuliko zote katika galaksi zilizo jirani nasi. Katikati yake kuna nukta angavu iitwayo R136. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya wataalamu walidhani nukta hiyo ilikuwa nyota moja yenye uzito wa zaidi ya mara elfu moja ya ule wa Jua. Kama ingekuwa kweli, elimu ya nyota ingelazimika kuandikwa upya.

Mwaka 1985 watafiti waliotumia mbinu maalumu ya kupunguza athari za mtikisiko wa hewa walionyesha kuwa kiini cha nukta hiyo ni nyota kadhaa. Hubble ilipoigeukia, kilionekana kishada kamili. Mwaka 2016 watafiti waliotumia mionzi ya urujuanimno ya darubini hiyo walitangaza kuwa humo mna nyota tisa zenye uzito unaozidi mara 100 ule wa Jua. Kishada hicho kina umri wa takriban miaka milioni moja na nusu hadi mbili.

Hata hivyo, si nyota zote za nebula hiyo zilizo changa kiasi hicho. Pembeni mwake kipo kishada kiitwacho Hodge 301, chenye umri wa zaidi ya miaka milioni 20. Nyota zake nzito zimekwisha kulipuka, na mawimbi ya milipuko hiyo yanaisukuma gesi iliyo karibu. Mababu na wajukuu wanaishi katika boma moja. Aidha, mwaka 2012 kundi lililoongozwa na mtafiti Elena Sabbi lilieleza kuwa kile kilichodhaniwa kuwa kishada kimoja katikati ya Tarantula ni viwili vinavyokaribiana, vikiwa na tofauti ya umri ya takriban miaka milioni moja, na kwamba huenda viko katika hatua za mwanzo za kuungana.

RIKA NGAPI KATIKA BOMA?

Katika jamii ya Wakipsigis, wanaume hupangwa katika marika yenye majina kama vile Maina, Chumo na Sawe. Kumjua mtu ni pamoja na kujua rika lake, na rika halisomwi usoni. Hujulikana kwa kuuliza alipitishwa jandoni lini. Wanasayansi nao walihitaji swali la aina hiyo la kuiuliza kila nyota.

Swali lenyewe lilipatikana katika rangi moja nyekundu inayotolewa na gesi ya haidrojeni. Nyota ambayo haijakomaa bado hujilisha kwa gesi inayoiangukia kutoka kwenye sahani ya vumbi inayoizunguka. Gesi hiyo inapoangukia nyota hupata joto na kutoa mng'ao mwekundu wa kipekee. Nyota mzee aliye nyuma ya kishada hana mng'ao huo. Kwa kupiga picha kupitia vichujio mbalimbali vya rangi na kuzilinganisha, watafiti huweza kuwatoa wapita njia na kubaki na wenyeji.

Mwaka 2010 kundi la watafiti likiongozwa na Giacomo Beccari lilitumia kamera mpya ya Hubble kuchunguza kishada cha NGC 3603, kilichomo katika galaksi yetu ya Njia Nyeupe, umbali wa miaka ya nuru 20,000 hivi. Kishada hicho kilisifika kuwa cha umri wa miaka milioni moja au mbili tu. Kundi hilo lilikuta nyota nyingi changa kama ilivyotarajiwa, lakini pia likakuta nyingine ambazo bado zinajilisha gesi ingawa umri wake unakisiwa kupita miaka milioni 10. Hitimisho lao lilikuwa kwamba uzazi wa nyota katika eneo hilo umeendelea kwa angalau miaka milioni 10 hadi 20, tena kwa kasi inayoongezeka.

Matokeo hayo hayakupokelewa bila ubishi. Nyota changa iliyofunikwa na vumbi zito, au ambayo sahani yake imegeuka ubavu na kuuziba mwanga, huonekana hafifu kuliko ilivyo, na nyota hafifu hukisiwa kuwa nzee. Ilibidi ushahidi wa namna nyingine utafutwe.

UDANGANYIFU WA KASI

Wakati huohuo fumbo la pili lilikuwa limejitokeza katika vishada vya makamo. Mwaka 2007 watafiti waliotumia Hubble walionyesha kuwa katika kishada cha NGC 1846, ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, mahali pa kugeukia katika mchoro wa nyota hapakuwa pamoja. Nyota zilikuwa zimegawanyika. Maelezo ya awali yalikuwa kwamba kulikuwa na vizazi viwili vilivyopishana kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Mwaka 2009 yalitolewa maelezo tofauti. Nyota inayojizungusha kwa kasi kubwa hubonyea nchani na kutuna kwenye ikweta yake. Sehemu ya ikweta hupoa na kufifia, ilhali ncha hubaki na joto zaidi. Kwa hiyo nyota ile ile ikitazamwa kutoka upande wa ncha huonekana angavu, na ikitazamwa kutoka ikweta huonekana hafifu na nyekundu zaidi. Vilevile mzunguko huo huchanganya nishati ndani ya nyota na kuirefushia maisha. Nyota za umri mmoja zaweza basi kujifanya za umri tofauti.

Uchunguzi wa kishada cha NGC 1866, chenye umri wa takriban miaka milioni 200, uliipa nguvu hoja hiyo. Picha za Hubble zilionyesha mifuatano miwili, na mwaka 2017 vipimo vya darubini ya ardhini nchini Chile vikathibitisha kuwa humo mna nyota zinazozunguka kwa kasi kubwa na nyingine zinazozunguka polepole. Hata hivyo, kasi pekee haijatosha kueleza kila kitu, na mjadala kuhusu mchango wa tofauti za umri unaendelea.

WEBB YALETA USHAHIDI

Kuhusu nyota zinazojilisha gesi uzeeni, jibu lilitafutwa katika Wingu Dogo la Magellan, galaksi iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 200,000. Humo mna kishada kichanga cha NGC 346. Hubble ilikuwa imedokeza kuwa baadhi ya nyota zake zina umri wa miaka milioni 20 hadi 30 na bado zina sahani za gesi. Wengi walitilia shaka, kwani katika ujirani wa Jua sahani hizo hutoweka ndani ya miaka michache tu ya mamilioni.

Mnamo Desemba 2024 kundi la Guido De Marchi lilitangaza matokeo ya Webb. Badala ya kutegemea picha pekee, liliuchambua mwanga wa nyota moja moja katika rangi zake, jambo lisilowezekana hapo awali kwa nyota hafifu za mbali kiasi hicho. Nyota hizo zilikutwa bado zimezungukwa na sahani na bado zinajilisha. Maelezo yaliyopendekezwa ni kuwa Wingu Dogo la Magellan lina uhaba wa elementi nzito kuliko haidrojeni na heli, na hivyo nyota huchukua muda mrefu zaidi kuipeperusha gesi hiyo, au kwamba sahani zenyewe zilikuwa kubwa tangu mwanzo.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Sayari huumbwa ndani ya sahani hizo. Sahani ikidumu miaka milioni tatu, sayari lazima ziharakishe kujijenga. Ikidumu miaka milioni 30, kuna nafasi tele. Na kwa kuwa ulimwengu wa kale ulikuwa na uhaba wa elementi nzito kama ilivyo katika galaksi hiyo ndogo, swali la lini sayari za kwanza zingeweza kutokea laguswa moja kwa moja. Hapo ndipo kosa la umri linapokuwa ghali: anayechanganya marika ya nyota hukosea pia saa ya kuzaliwa kwa sayari.

KENYA KATIKA HISTORIA HII

Kenya ina sehemu yake katika safari ya darubini za angani, na ni ya mapema kuliko wengi wanavyodhani. Desemba 12, 1970, siku ya maadhimisho ya miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Italia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksrei kutoka angani. Pwani ya Kenya ilichaguliwa kwa kuwa iko karibu na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hukipa chombo msukumo wa bure. Hadi ilipokoma kufanya kazi mwaka 1973 ilikuwa imekusanya takwimu zilizozaa orodha ya vyanzo 339 vya eksrei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza mradi huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Urithi wa Uhuru unasaidia hata katika suala la marika ya nyota. Nyota changa hutoa eksrei nyingi kuliko nyota zilizokomaa. Darubini ya eksrei ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, hutumiwa kuwatambua vijana hata pale sahani zao zilipokwisha kutoweka na ule mng'ao mwekundu ukazimika.

Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga kilichoko Kericho, au wa chuo kikuu kishiriki cha Bomet, mawingu ya Mau si kizuizi tena. Picha na vipimo vya Hubble na Webb huhifadhiwa katika hazina ya takwimu iliyo wazi kwa umma, bila malipo, na nyingi hufunguliwa kwa kila mtu ndani ya mwaka mmoja baada ya kuchukuliwa. Takwimu za vishada vilivyotajwa hapa zinapatikana humo. Kinachohitajika ni kompyuta, intaneti, ujuzi wa hesabu na fizikia, na subira ya kuitenga nyota moja na nyingine kama vile mchumaji anavyotenga majani mawili na chipukizi lake kutoka kwa majani makuukuu.